Meza ya Mfumaji: Uzi Huu ni Mnene Kiasi Gani?

Baridi ya Juni imeshatua Mbeya, na barua nazo zimejaa mezani kama ilivyo kila mwaka watu wanapoanza kutafuta sindano zao. Nimezisoma zote. Tano kati yake, ukiondoa salamu, zinauliza jambo moja: mtu ana uzi mkononi, hajui unene wake, na anaogopa kuanza. Ana haki ya kuogopa. Sweta ni kazi ya wiki tatu, wakati mwingine nne, na uzi usiofaa hukuambia ukweli ukiwa umeshafika kwapani. Kwa hiyo ukurasa wote wa mwezi huu nimeutoa kwa jambo hilo. Waliouliza kuhusu kola na vifungo wanivumilie hadi toleo lijalo.

*

*Shikamoo mama. Nilinunua sweta mbili za mitumba, moja ya kijivu na moja ya damu ya mzee, nikazifumua zote. Ya kijivu nilipoiosha ikakauka ilikuwa na gramu 430. Wifi yangu anatarajia kujifungua mwezi wa nane, nataka nimfumie mtoto sweta, kofia na soksi. Kielelezo changu kinasema uzi wa plai nne. Nyuzi zangu hazina lebo. Nimezifungua ncha nikahesabu nyuzi ndogo zilizosokotwa ndani: wa kijivu una mbili, wa damu ya mzee una nne. Je, wa damu ya mzee ndio plai nne? Nimekuwekea vipande kwenye bahasha.* (Msomaji, Makambako)

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kunitumia vipande, la sivyo ningekujibu kwa kukisia. Na jibu ni kinyume cha ulivyodhani. Uzi wa kijivu, ule wa nyuzi mbili tu, ndio unaofaa kielelezo chako. Wa damu ya mzee ni mnene karibu mara mbili yake, ungemfumia mtoto wa wifi sweta ya kuvaa akianza chekechea.

Hili la plai linawachanganya wengi. Neno lenyewe linataja idadi ya nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja, na zamani huko Uingereza, nyuzi hizo ndogo zilipokuwa na unene wa kukaribiana, kuhesabu kulitosha: nne ni nyembamba, nane ni nene zaidi. Siku hizi kila kiwanda kinasokota kinavyotaka, jina likabaki kuwa jina la unene tu. Utakuta uzi wa plai nne wenye nyuzi tatu ndani yake, na utakuta uzi mnene kama kamba ya kiatu wenye uzi mmoja tu usiosokotwa na mwenzake. Australia na New Zealand bado wanaandika plai nane na plai kumi kwenye lebo, na wao pia wanamaanisha unene. Kwa hiyo usihesabu tena. Pima.

Kabla ya kupima, osha. Uzi uliofumuliwa umejikunja kama tambi za paketi, na ukiupima hivyo utakudanganya urefu na unene vyote viwili. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate kata ndefu, ifunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine bila kukaza, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa nusu saa, usisugue. Isuuze, ikamue ndani ya taulo, kisha itundike kivulini na kikombe kimening'inia chini yake. Kesho yake mikunjo imekwisha.

Sasa chukua rula yenye inchi. Zungusha uzi kuizunguka rula, mzunguko kando ya mzunguko, ziguse bila kubanana na bila kuacha mwanya. Usivute, uache uzi ulale wenyewe. Jaza inchi mbili, hesabu, gawa kwa mbili, maana inchi moja peke yake ni fupi mno na kosa la mzunguko mmoja linakuwa kubwa. Wako wa kijivu ulinipa mizunguko 30 kwenye inchi mbili, yaani 15 kwa inchi. Wa damu ya mzee ulinipa 18, yaani 9.

Mizunguko 14 hadi 16 ni plai nne. Ikiwa 11 au 12, huo ndio uzi ambao lebo zinauandika kwa herufi DK, uzi wa sweta za kawaida, nao ndio unaouzwa zaidi madukani kwetu. Ikiwa 8 au 9, ni uzi wa sweta za baridi kweli, za watu wa Kitulo. Saba kushuka chini ni uzi mnene wa skafu na mablanketi. Na ikipita 18, ni uzi mwembamba wa shali za kupita ndani ya pete.

Ila rula peke yake siiamini sana. Mkono wangu na wako havizungushi sawa, na uzi wenye manyoya mengi hujifanya mnene wakati ndani yake ni mwembamba. Kipimo ninachokiamini ni urefu kwa uzito: gramu moja inatoa mita ngapi. Nilinyoosha kipande chako cha kijivu kwenye futi ya fundi cherehani, kikawa mita 4 na sentimita 20. Nikatoka nacho hadi kwa sonara wa mtaani kwetu, mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Aliweka pete ya mteja pembeni akanipimia: gramu 1.05. Gawa 4.20 kwa 1.05, unapata mita 4 kwa gramu, yaani mita 400 kwa gramu 100. Hiyo ndiyo plai nne hasa. Wa damu ya mzee ulikuwa mita 3.30 na gramu 1.65, mita 2 kwa gramu. Rula na mizani wamekubaliana, hapo sasa nalala usingizi.

Kama huna sonara wa jirani, mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha, lakini usiipe kipande kifupi. Mizani hiyo haijui tofauti ya gramu moja na gramu moja na nusu. Weka viti viwili migongo ikitazamana, pima kwa futi mpaka mzunguko mmoja uwe mita 2 kamili, zungusha mara 20. Hizo ni mita 40. Ukipima ukapata gramu 10, una mita 4 kwa gramu. Ukipata gramu 20, una mita 2. Mizani ya duka la nafaka achana nayo kabisa.

Unasema sweta ya kijivu baada ya kuosha na kukauka ina gramu 430. Zidisha kwa 4, una mita 1,720. Sweta, kofia na soksi za mtoto mchanga kwa uzi wa unene huo vinakula gramu 150 hivi, mita 600. Utabaki na uzi wa shali nzuri tu, mfumie na shali.

Nilichoma pia ncha ndogo ya kila kipande. Wa kijivu ulinuka nywele zilizoungua, ukazima wenyewe, ukaacha majivu yanayopondeka: hayo ni manyoya ya kondoo kweli. Wa damu ya mzee uliyeyuka ukaacha shanga ngumu nyeusi, huo ni akriliki. Mwambie wifi sweta ya kijivu ifuliwe kwa mikono na maji ya baridi. Ikiingia maji ya moto na kusuguliwa itagandamana iwe kama kitambaa cha kofia ya pama, wala hairudi.

Jambo la mwisho, na usiliruke. Fuma kipande cha majaribio cha upana wa sentimita 15 kwa sindano za milimita 3.25, kioshe, kikikauka hesabu mishono ndani ya sentimita 10 za katikati. Plai nne hutoa 28 hivi. Ukipata 30, panda sindano. Ukipata 26, shuka. Hesabu zangu zote hapo juu zinakufikisha mlangoni, kipande hicho ndicho kinachofungua.

Na siku nyingine ukinunua sweta ya kufumua, igeuze kabla ya kulipa, utazame mshono wa ubavuni. Kama pindo limepigwa ovaloki na limekatwa kwa mkasi, rudisha. Uzi wake umekatwa kila mstari, utatoka vipande vya nusu mita nusu mita. Tafuta ile ambayo kingo zake zimefumwa hadi mwisho na kuunganishwa kwa uzi mmoja unaovutika.

*

*Hujambo mama? Dada yangu aliye Marekani alinitumia kielelezo cha sweta ya mwanamume, nikaona nimfumie mzee wangu. Kiliandika uzi namba 4 na sindano namba 8. Nilinunua plai nne, na sindano namba 8 ninazo za marehemu mama. Nilianza na mishono 90, nikafuata kila mstari. Kifua kilitakiwa kiwe sentimita 50 upande wa mbele, kimetoka 37 na nusu. Nimekosea wapi?* (Msomaji, Kericho)

Sijambo, pole sana kwa kazi hiyo. Mikono yako haijakosea hata mshono mmoja. Umetegwa na namba mbili zinazofanana sura.

Ya kwanza ni hiyo 4. Wamarekani wana mpango wao wa kupanga nyuzi kuanzia 0 hadi 7, ulioratibiwa na baraza lao la nyuzi, Craft Yarn Council. Kwenye lebo utaona picha ya kata ya uzi na namba ndani yake. Namba hiyo ni daraja la unene, haihusiani na plai. Daraja la 4 ni uzi wa kati, wenye mishono 16 hadi 20 kwa sentimita 10. Plai nne yetu kwao ni daraja la 1, mishono 27 hadi 32 kwa sindano zake za kawaida. Ulifuma sweta ya uzi mnene kwa uzi mwembamba.

Ya pili ni sindano. Za marehemu mama nina hakika ni za namba za zamani za Uingereza, kama zangu. Kwa Waingereza namba ikikua sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani namba ikikua sindano inanenepa. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Mimi nalikumbuka hivi: 6 na 8 wamebadilishana viti. Sita ya Uingereza ni nane ya Marekani, nane ya Uingereza ni sita ya Marekani. Tangu nilipolijua hilo sisomi tena namba, nasoma milimita. Sindano ambayo maandishi yake yamefutika naipitisha kwenye matundu ya kipande cha bati ambacho fundi alinitobolea kwa keekee za milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5.

Tazama hesabu inavyokubali. Mishono yako 90 kielelezo kiliitegemea itoe 18 kwa kila sentimita 10, ndiyo sentimita 50. Plai nne kwa sindano ya milimita 4 hutoa 24, na 90 gawa kwa 24 ni 3.75. Ndiyo sentimita 37 na nusu zako, bila kupungua wala kuzidi.

Uzi wako haujapotea. Fumua, osha, kisha fuma kwa nyuzi mbili kwa pamoja, ncha mbili kutoka madonge mawili. Kama plai nne yako ni mita 400 kwa gramu 100, zikiwa mbili zinakuwa mita 200 kwa gramu 100, na huo ni unene wa daraja la 4. Tumia sindano za milimita 5. Uzi utakaohitajika ni mara mbili kwa mita, kwa hiyo hesabu madonge yako leo, kabla duka halijaishiwa rangi hiyo. Na uanze na kipande cha majaribio. Mzee atasubiri siku mbili, hatapungukiwa kitu.

*

*Shikamoo mama. Nina mashine ya kufumia, natengeneza sweta za shule hapa Njombe, na sasa nina oda ya sweta 60. Mwaka jana nilitumia koni zilizoandikwa 2/28, nikiingiza tatu kwa pamoja, na sweta ya mwanafunzi mkubwa ilikuwa na gramu 320. Mwaka huu muuzaji kaniletea koni za rangi ileile, zimeandikwa 2/32. Kaniambia ni uzi uleule. Mashine sijaigusa, lakini sweta zimetoka legevu na nyepesi, na mzazi mmoja kazirudisha. Hizo namba zina maana gani?* (Fundi, Njombe)

Marahaba baba. Uzi si uleule, na kama alijua, hakukutendea haki.

Namba hizo zinasomeka hivi. Ya mbele, 2, ni idadi ya nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Ya nyuma ni mita ambazo kila uzi mdogo unatoa kwa gramu moja. Uzi wa 28 unatoa mita 28 kwa gramu. Ukisokota miwili pamoja urefu unagawanyika kwa mbili, unabaki na mita 14 kwa gramu, au mita 14,000 kwa kilo. Wa 2/32 ni mita 16 kwa gramu. Namba ya nyuma ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Wapo viwanda vinavyogeuza, vinaandika 28/2, maana ni ileile. Hesabu hii ni ya akriliki na sufu. Koni za pamba mara nyingi zinahesabiwa kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza, ambapo uzi namba 1 una yadi 840 kwa ratili, kwa hiyo usichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye pamba.

Turudi kwenye mashine yako. Mashine inavuta urefu uleule kwa kila mshono, haijui uzito. Sweta yako ina mita zilezile za mwaka jana, ila kila mita ni nyepesi. Kumi na nne gawa kwa kumi na sita ni 0.875. Zidisha kwa gramu 320, unapata 280. Nipimie moja ya hizo mpya, nadhani mizani itakuambia hivyohivyo, ipungue au izidi gramu chache. Gramu 40 zimetoweka kwenye kila sweta. Mtoto wa Njombe anaamka saa kumi na mbili asubuhi barafu ikiwa juu ya majani ya viazi, gramu 40 anazihisi mabegani. Yule mzazi alikuwa na haki, mpokee vizuri.

Ungefikiria kuongeza koni ya nne. Ukifanya hivyo sweta itafika gramu 373 kama hujabadilisha kipimo cha mshono, itakuwa ngumu kama gunia na mashine italalamika. Njia nafuu ni kubaki na koni tatu, ukaze mshono kwa hatua moja, kisha ufume kipande cha majaribio, ukioshe na kukipima. Kikiwa bado chepesi, kaza nusu hatua nyingine. Mishono ikikaza kitambaa kinapungua upana, kwa hiyo ongeza sindano pembeni mpaka kifua kirudi pale pale. Utatumia mita nyingi zaidi kuliko mwaka jana na gramu zitapanda, ingawa hazitafika 320. Njia iliyo bora ni kumrudishia mwenye koni zake ukadai 2/28. Mimi ningezirudisha.

Kwa oda yako ya sweta 60 kwa gramu 320, unahitaji kilo 19.2. Agiza 21, kwa ajili ya vipande vya majaribio na mabaki ya mwisho wa koni. Na zikifika, pima koni tupu iliyobaki mwaka jana kwanza. Koni ya plastiki nayo ina uzito wake, na wapo wanaokuuzia plastiki kwa bei ya uzi.

Kwa wasio na mashine lakini wamepata koni hizi kwa bei nzuri: mnaweza kuzifumia kwa mkono. Ncha tatu za 2/28 kwa pamoja zinatoa mita 467 hivi kwa gramu 100, zinakaribia plai nne. Ncha tano zinatoa mita 280, hapo umepata DK ya akriliki. Sharti nyuzi zote zitoke kwa mvuto sawa, la sivyo mmoja unajikusanya na kutokeza vitanzi nje ya mshono.

*

*Assalamu alaikum mama. Mimi ni wa Mombasa, huku joto. Nilimfumia mjukuu shali ya pamba kwa kielelezo kilichotaka gramu 200 za DK ya akriliki. Nilinunua pamba DK gramu 200 vilevile. Uzi umekwisha shali ikiwa bado robo. Mwenye duka asema hana tena loti ile ya rangi.* (Msomaji, Mombasa)

Waalaikumu salamu dada yangu. Mwaka 1991 nilimfumia baba yangu sweta ya kahawia. Nilinunua kwa gramu, kama wewe, na uzi ukaisha mkono wa kushoto ukiwa umefika kiwiko. Nilirudi dukani nikapewa donge jingine, gramu 50 kama yale ya kwanza, kahawia kama yale ya kwanza, na lebo haikuwepo. Nilifuma kwa taa ya chemli sikuona kitu. Mchana wa jua mkono ule ulikuwa na rangi mbili, na chini ya kiwiko ulikuwa mwembamba ukining'inia. Baba aliivaa hivyohivyo kanisani Tukuyu hadi alipofariki, na kila Jumapili niliutazama ule mkono. Kwa hiyo yaliyokupata nayajua.

Pamba ni nzito kuliko akriliki. Chukua nyuzi mbili za unene mmoja, rula itakupa mizunguko sawa, sindano ni zilezile, lakini gramu 100 za akriliki zitakupa mita 290 hivi, na gramu 100 za pamba mita 220. Gramu 200 ulizoambiwa zilikuwa mita 580. Ulizonunua zilikuwa mita 440. Mita 140 zilizokosekana ndizo robo yako. Ungehitaji gramu 264 za pamba, nami ningenunua 300.

Ukienda dukani tena, kielelezo kikikutajia gramu, kwanza tafuta ni mita ngapi gramu hizo zinatoa katika uzi alioutumia mwenye kielelezo, halafu nunua mita hizo. Lebo nzuri inaandika vyote viwili, kwa mfano 50 g na 110 m. Lebo inayoandika gramu peke yake imekunyima nusu ya habari, na una haki ya kumwomba mwenye duka akupimie mita kumi.

Kuhusu shali: usitafute tena rangi ileile. Karibu haiwezekani kuipata, na jicho husumbuliwa na rangi iliyokosea kidogo kuliko rangi iliyo tofauti kabisa. Nunua pamba nyeupe ya unene uleule, mita 140 na akiba kidogo, fumua mistari michache ya mwisho, kisha fuma mistari miwili ya nyeupe, miwili ya rangi yako, miwili ya nyeupe, na umalizie ukingo kwa nyeupe. Itaonekana umepanga hivyo tangu siku ya kwanza.

*

*Mama, nina madonge mawili bila lebo na sina mizani wala rula ya inchi. Nitajuaje kama yanalingana unene?* (Mwanafunzi, Lushoto)

Vidole vinatosha, mwanangu. Vuta uzi wa donge la kwanza, ukunje katikati upate kitanzi. Uzi wa donge la pili upitishe ndani ya kitanzi hicho, nao ukunje urudi ulikotoka. Sasa nyuzi zimeshikana katikati kama viungo viwili vya mnyororo, kushoto una mbili za donge la kwanza, kulia una mbili za donge la pili. Sokota pande zote mbili kwa kuelekea upande mmoja, mpaka upate kama kamba moja. Fumba macho. Pitisha kidole gumba na cha shahada kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukivuka pale zilipoungana. Kama nyuzi ni za unene mmoja, utahisi kifundo kidogo pale katikati, halafu kamba inaendelea vilevile. Kama unene si mmoja, vidole vitaporomoka au vitapanda, kama unapotoka kwenye lami kuingia barabara ya vumbi.

Rudia mara tatu, mara moja kwa mkono wa kushoto. Kisha mpe mwenzako afanye bila kumwambia umehisi nini.

*

Mnaoniandikia kuhusu uzi, wekeni kipande ndani ya bahasha, kisipungue mita 3, kiwe kimeshaoshwa, na muandike milimita za sindano mlizonazo. Sonara ameniambia nije siku za Jumanne, duka likiwa halina watu.